Mkono wa Kabula na Oili Namba Hamsini

Bariadi, gereji, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Minza,

Nakuandikia juu ya meza ya kazi. Nimeifuta kwa petroli mara mbili, lakini naona bado imeacha doa kwenye kona ya karatasi, kwa hiyo usije ukadhani ni machozi. Jua bado liko juu ya mabati ya soko. Upande wa pili wa ukuta namsikia mama yako anakukaangia karanga za njiani, na kila akikumbuka kitu anakuita: shuka, cheti cha kuzaliwa, sabuni, namba ya nyumba ya mjomba wako kule Mwanza. Mambo hayo yote namwachia yeye. Ameyapanga vizuri, na mimi nikianza kukuambia ufunge dirisha ukilala, utakuwa na wazazi wawili wanaosema neno moja.

Mimi nina jambo langu moja. Jumapili iliyopita tukiwa tunakula michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha, uliniuliza, "Baba, hivi Shangazi Kabula alivunjikaje ule mkono?" Nikakujibu kama nilivyokujibu tangu ukiwa mdogo: ng'ombe walikatiza barabara. Mama yako aliniangalia, akachukua mchembe mwingine, akatafuna polepole. Hukuona. Mimi niliona.

Minza, hapakuwa na ng'ombe. Barabara ilikuwa tupu. Aliyemwangusha Shangazi Kabula ni mimi, na sikuwepo hata pale alipoanguka.

Kabula si dada yangu wa kuzaliwa, hilo unalijua. Kwao ni Ipililo, alikuja hapa kama bibi shamba wa ofisi ya kilimo, msichana mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na ofisi ikampa pikipiki. Ni ile ile anayoendesha mpaka leo, ya Kiingereza, nyeusi, yenye tangi kama kibuyu. Iliachwa na bwana shamba mzungu kabla ya uhuru, ikalala stoo miaka mingi chini ya magunia, na mimi ndiye niliyeifufua. Kwa hiyo nilijiona kama baba yake. Kila jambo la pikipiki ile nilijua mimi, na yule anayeipanda alikuwa mpandaji tu.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana wewe umekua ukiona maduka yamejaa. Ulipokuwa bado hujaanza shule, hapa mjini mtu hakuchagua kitu. Uliingia dukani ukauliza, "Oili ipo?" Kama ipo, ulichukua hiyo hiyo. Injini ya trekta, gia za lori, shokapu za pikipiki, vyote vilikunywa kwenye chungu kimoja. Kuna mwaka tulichuja oili chafu ya malori kwa kanga ya mama yako tukairudisha kazini, na kanga ile hajaisahau mpaka leo. Fundi mmoja kule Lalago alijaza shokapu kwa samli. Pikipiki ilitembea. Ilinukia ubwabwa na mbwa waliifuata kutoka kijiji hadi kijiji, lakini ilitembea.

Kisha mambo yakafunguliwa. Watu walisema sasa ruksa, na kweli ilikuwa ruksa. Sabuni ikaonekana bila foleni, mitumba ikashuka kwa marobota, na bwana mmoja akafungua duka la vipuri karibu na stendi. Siku ya kwanza kuingia mle nilivua kofia kama niko kanisani. Rafu nzima makopo ya oili, ya njano, mekundu, ya buluu, kila kopo na namba yake: kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini. Muuzaji akaniuliza, "Fundi, unataka namba ngapi?"

Nilikuwa fundi miaka tisa, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Namba ile ni uzito wa oili. Ndogo ni nyepesi, inakimbia. Kubwa ni nzito, inavutika kama asali. Huko chuoni unakokwenda watakuchorea ubaoni vizuri zaidi, lakini ndani ya shokapu za mbele, zile bomba mbili zinazoshika gurudumu, kuna springi na kuna oili. Springi inabeba. Oili inapita kwenye matundu madogo na kuituliza springi, ili isikurushe kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Ikiwa nyepesi mno, ukipiga shimo bomba linagonga chini mpaka meno yanagongana. Ikiwa nzito mno, haiwahi kupita kwenye yale matundu. Bomba linakuwa kama limejaa zege, na gurudumu likishapanda juu linachelewa kurudi ardhini.

Siku ile nilijua nusu ya hayo. Nilikuwa na kitabu cha pikipiki ile, cha Kiingereza, na kilisema wazi: ishirini. Nikasema moyoni, hawa waliandika kwa ajili ya lami ya kwao. Huku kwetu kuna mashimo, kuna mabomba ya kupulizia pamba yamefungwa nyuma, kuna Kabula mwenyewe ambaye si mtu mdogo. Huku kunahitaji kitu kizito. Nikanyoosha kidole: "Nipe hamsini." Na nikatazama pembeni kama kuna mtu ameniona nikichagua.

Nilijaza jioni hiyo hiyo. Nikashika usukani nikabonyeza kwa uzito wangu wote. Zamani ilikuwa inashuka na kupanda, inacheza kama mtumbwi. Sasa ilishuka kidogo sana, kwa heshima, ikapanda polepole. Nikamwita mama yako aje aone. Akatazama, akasema, "Imekuwa ngumu." Nikamwambia, "Imekuwa imara." Akarudi jikoni.

Kabula aliichukua Jumatatu. Alhamisi alirudi, na mazungumzo yetu nayakumbuka neno kwa neno, maana nimeyarudia kichwani miaka yote hii.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, dada Kabula. Umeionaje?"

"Inanipiga mikono. Zamani nilikuwa najua gurudumu liko wapi. Sasa hivi nikifika pale barabara ya Ngulyati kwenye mikunjo, pale udongo ulipojikunja kama bati, inaruka. Naona kama la mbele halishiki ardhi."

"Hiyo ndiyo nguvu yake, dada. Ulizoea bovu."

"Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Jua likipanda inakuwa nafuu."

Hebu soma tena hayo maneno yake, Minza. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Ulikuwa mwezi wa sita, asubuhi ni baridi, oili nzito inazidi kuwa nzito. Mwanamke yule alikuwa amenipa ugonjwa na dawa kwa sentensi mbili, bila kufungua hata nati moja. Mimi nilikuwa nafuta mikono kwa kitambaa, nacheka. Nikamwambia, "Utazoea."

Jumanne iliyofuata, asubuhi, kwenye kona ya kushoto baada ya daraja dogo la Ngulyati, gurudumu la mbele lilipanda kwenye mikunjo lisirudi kwa wakati. Kabula akaenda upande mmoja, pikipiki upande mwingine. Wachuma pamba walimkuta amekaa kando ya barabara ameshika mkono wa kushoto, na jambo la kwanza aliloomba ni wamfungie petroli isimwagike.

Mpaka hapo ni kosa la fundi, na fundi anakosea. Ningekuwa na hilo tu nisingeharibu karatasi.

Siku mbili baadaye alikuja mkuu wa ofisi yao, mtu mpole aliyekuwa na haraka zake. Alitaka kujua kama chombo kilikuwa kibovu au mwendeshaji alikosea. Wakati ule ofisi zilishaanza kusikia habari za kupunguza watu, na kila kitu kilitakiwa kiwe na karatasi. Nami ndiyo kwanza nilikuwa nimechongewa muhuri wangu. Umeuona, ule wa mpira wenye picha ya spana. Nilikuwa naugonga mpaka kwenye bahasha za mama yako za kanisani.

Akaniuliza, "Fundi, pikipiki ilikuwa na hitilafu?"

Nilipaswa kusema, ngoja niiangalie. Au niseme, alikuja kuniambia inaruka. Nikasema, "Ile pikipiki ni nzima kuliko mimi na wewe."

"Kwa hiyo ni yeye?"

"Wanawake na pikipiki kubwa, mkuu..." Nikaacha hapo, nikacheka, naye akacheka kidogo. Kisha nikaandika: Chombo ni kizima. Kosa ni la mwendeshaji. Nikagonga muhuri. Ulitoka vizuri sana, wino haukuvuja hata kidogo.

Wiki ile ile waliniletea pikipiki niinyooshe. Bomba moja lilikuwa limepinda. Nikanyoosha, nikafunga, nikajaza tena hamsini, maana kopo lilikuwa na nusu. Asubuhi nikaipeleka kuijaribu, na nikasema nipite huko huko Ngulyati nikaone huyo dada alishindwa nini.

Nilichokiona ni hiki. Kwenye mikunjo usukani ulianza kunipiga viganja kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Nikaongeza mwendo, kwa sababu nilijua kila kitu. Kwenye ile kona nilipinda, pikipiki haikupinda. Ilikuwa kama mbele hakuna gurudumu kabisa. Sikuanguka, kwa sababu sikuwa na mzigo na kwa sababu upande ule hapakuwa na mtaro. Niliingia moja kwa moja kwenye shamba la pamba la watu, nikasimama katikati ya mistari, pamba mpaka kwenye masikio. Mama mmoja mwenye gunia mgongoni alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Fundi, umekuja kutusaidia kuchuma?"

Nilicheka naye. Lakini nilikuwa nimeshajua. Nilijua pale pale, nikiwa bado nimekaa juu ya kiti.

Sasa sikiliza nilichofanya baada ya kujua. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa baiskeli, nikafungua skrubu za chini, nikamwaga hamsini yote, nikaweka thelathini. Sikumwambia mtu. Nikairudisha ofisini imetulia kama ng'ombe wa maziwa. Wakampa bwana shamba kijana aliyetoka chuoni, akaiendesha wiki hizo zote bila hata kuteleza. Watu wakasema, "Mmeona? Pikipiki ile ile, barabara ile ile." Kila siku kijana yule aliporudi mzima, alikuwa anathibitisha karatasi yangu. Kabula walimweka ofisini kupanga kadi za wakulima, na siku za kwenda vijijini akapewa baiskeli.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijawahi kukusimulia. Oili niliikosea siku moja. Kunyamaza nilinyamaza wiki saba, na kila siku ya wiki hizo niliamka, nikanawa uso, nikachagua kunyamaza tena. Nilikuwa na sababu nzuri nzuri. Kwamba mkono ulishavunjika, kusema hakutauunga. Kwamba kazi za ofisi ndizo zinalisha nyumba. Kwamba wewe ulikuwa karibu kuanza shule. Wewe hasa nilikutumia sana kama sababu, na hukujua.

Nilikutana naye njiani mwezi wa nane. Alikuwa anasukuma baiskeli kwenye kile kilima cha soko, mkono umefungwa kwa kanga shingoni. Nilitaka kukata kona, akawa ameshaniona.

"Mwadila, fundi. Mbona umepotea?"

"Kazi, dada. Mkono unaendeleaje?"

"Umeunga. Umepinda kidogo, nilianza kubeba ndoo mapema." Akatazama ule mkono kama ni wa mtu mwingine. "Unajua nini, fundi? Nimeacha kujisumbua. Mwanzoni nilikuwa na uhakika ni pikipiki. Sasa yule kijana anaipanda kila siku. Nadhani kweli sijui kuendesha. Nilikuwa najidanganya tu."

Minza, huyu alikuwa msichana aliyeipeleka pikipiki ile kwenye matope ya masika ambako hata trekta ilirudi. Akaniambia hivyo bila kunilaumu, kama anayenipa habari za mvua. Ningesema pale pale, ningekuwa mtu. Nikasema, "Utapona, dada." Nikaondoka.

Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Mama yako akauliza kama ni malaria. Nikamweleza yote, tangu kopo la hamsini mpaka kilima cha soko. Nilitegemea anihurumie. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka sinia likaisha, kisha akasema, "Muhuri uliugonga wewe. Nenda ukaugonge tena."

"Wataninyima kazi."

"Watakunyima."

"Na watu watacheka."

"Hilo nalo litakuwepo," akasema, na nilimwona kabisa anauma mdomo asianze yeye.

Kesho yake nilikwenda ofisini na karatasi mpya. Nilitaka nimpate mkuu peke yake, lakini ilikuwa siku ya mkutano. Mabwana shamba wote walikuwepo, na madereva, na Kabula nyuma kabisa na kadi zake. Mkuu akasema, "Sema tu, fundi, sote ni wa nyumbani." Nikasema. Nilisema kwamba nilichagua oili nzito kwa majivuno, kwamba dada alikuja kuniambia nikamcheka, kwamba nilijua ukweli siku nilipoingia kwenye pamba, na kwamba yule kijana hakuanguka kwa sababu nilibadilisha oili kwa siri. Kisha dereva mmoja akauliza, "Uliingia kwenye pamba ya nani?" Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

Kabula hakucheka. Alinyanyuka, akaja mbele, akachukua ile karatasi mkononi mwangu akaisoma yote, mpaka muhuri. Nilitegemea anitukane, na ningepokea. Akaniuliza, "Hiyo hamsini bado unayo?"

"Ipo kidogo."

"Kalete. Na hizo namba nyingine zote. Tunakwenda Ngulyati. Mimi naendesha, wewe unakaa nyuma."

Mkuu alitaka kuzuia kwa sababu ya mkono. Kabula akafunga na kufungua ngumi mbele yake, akasema, "Klachi naishika."

Basi fikiria baba yako, na wakati ule kitambi kilikuwa kimeshaanza, nimekaa nyuma ya pikipiki, kikapu cha makopo mapajani, na lile bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe nililokuwa napimia oili limechomekwa mfukoni. Kila mtu wa mjini alituona. Tulipofika karibu na daraja dogo tukasimama, nikamwaga ile thelathini kwenye sufuria, nikapima hamsini, sindano tatu kila bomba la shokapu. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wake akasimama kutazama. Akaona sindano, akaona nimechuchumaa mbele ya gurudumu, akauliza kwa huruma kabisa, kama anayeuliza habari za ng'ombe mgonjwa, "Ngosha, imepatwa na ndigana?"

"Imelishwa vibaya, mzee," Kabula akamjibu.

Akapanda. Nikapanda nyuma yake. Akaingia kwenye mikunjo kwa mwendo ule ule aliokuwa akiendesha kila siku, na pikipiki ikaanza kupiga. Nilishika mkanda wake kwa mikono miwili na kupiga kelele, sikatai. Kabla ya kona akapunguza, akasimama, akazima. Akashuka. Akatembea hatua chache, akasimama amenipa mgongo, kisha akainama akashika magoti. Nilifikiri ameumia. Alikuwa anasema peke yake, kwa Kisukuma, kitu kile kile mara tatu, na nilipomkaribia nikasikia: "Ni hii. Ni hii. Sikuwa mimi."

Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa na anacheka. Nami nikashindwa kujizuia. Tukakaa kwenye ukingo wa daraja kama watu waliotoka msibani na harusini siku moja.

Kazi iliyobaki ilichukua mpaka alasiri. Tukaweka ishirini ya kitabu. Kabula akasema ni tamu akiwa peke yake, lakini tukiwa wawili iligonga chini kwenye kila shimo, na mimi nilikuwa mizani nzuri. Tukaweka thelathini ile niliyoiweka kwa siri. Akaipeleka, akarudi. "Nzuri. Ila asubuhi itanipiga."

"Umejuaje?"

"Mikono imejua."

Safari hii sikucheka. Nikamuuliza, "Unataka iweje?" Na hilo, mwanangu, ndilo swali ambalo sikuwa nimemuuliza tangu siku ya kwanza. Akafikiri. Akasema anataka ishuke kama ile ya ishirini lakini ikifika chini isite kidogo, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini. Nikachanganya nusu ya ishirini na nusu ya thelathini kwenye sufuria ya mama yako, nikajaza. Alikwenda mpaka kijijini akarudi, akapita kwenye ile kona bila kupunguza, mara mbili, ya pili akiwa amesimama kwenye vikanyagio. Akasimama mbele yangu. "Hapa. Usiguse."

Sijagusa. Kila ninapobadilisha ni nusu kwa nusu. Kitabu kilikosea kidogo, mimi nilikosea sana, na aliyepata jibu ni yule niliyesema hajui.

Usidhani mambo yalinyooka yote. Ofisi iliacha kuniletea kazi zaidi ya mwaka, na ulivaa viatu vya binamu yako shule ulipoanza, vikubwa. Unakumbuka ulikuwa unavitia karatasi. Mkuu alisema haki yake: "Fundi, umesema kweli, lakini umeisema baada ya muhuri." Kabula alirudishiwa pikipiki kabla ya kupanda pamba. Mkono haukunyooka. Miaka ya baadaye walipopunguza watu naye alipunguzwa, vyombo vikauzwa kwa mnada, akainunua pikipiki yake, na wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia wakamchukua yeye kwanza, kwa sababu hakuna njia ya wilaya hii asiyoijua na hakuna mkulima asiyemwamini. Desturi ya kuja kwetu kila Krismasi aliianza mwenyewe. Sikumwalika, niliona haya. Alikuja na jogoo, akamkabidhi mama yako, akaniambia, "Fundi, nimekuja kukagua sindano."

Na ng'ombe? Ng'ombe aliwatunga yeye. Ulikuwa na miaka saba, ukamuuliza mbele yangu kwa nini mkono wake umepinda. Aliniangalia, akaona uso wangu, akakujibu, "Ng'ombe, ng'wanone, mwanangu." Alinipa zawadi, nami nikakaa nayo miaka kumi na zaidi, mpaka nikaizoea kama mali yangu. Jana nilimfuata nikamwambia nataka kukueleza. Akasema, "Mweleze. Ila usiruke pale ulipopiga kelele."

Sijui niseme nini juu ya haya yote ili yakufae. Nilianza kuandika mara tatu, nikaona naanza kuongea kama katekista, nikafuta. Unakwenda kujifunza injini kwa watu wanaojua kuliko mimi. Watakupa vitabu, na kitabu ukisome, usikidharau kama mimi. Watakupa vipimo. Siku moja nawe utakuwa na muhuri, na mtu mwenye haraka zake atakuuliza swali ambalo jibu lake rahisi litamwangukia mtu asiyekuwepo. Siwezi kukuahidi kwamba hutakosea siku hiyo. Wewe ni damu yangu. Unapenda kujua, na unapenda uonekane unajua. Nimekuona. Mimi ninachokuombea ni kwamba, ukikosea, wiki saba zangu kwako ziwe siku mbili. Au hata wiki moja. Ukiweza jioni ile ile, utakuwa umemzidi baba yako mbali sana, na nitajivuna mjini mpaka wanichoke.

Mama yako ameita mara ya pili, chakula kiko mezani. Nasikia unacheka huko, sijui amekwambia nini. Nitaiweka barua hii ndani ya daftari lako la juu, uikute ukishafika, maana ukiisoma hapa utataka kuniuliza maswali na mimi nitaanza tena habari za ng'ombe.

Ukifika, utuandikie. Usiandike kwamba hujambo na masomo yanaendelea vizuri. Hayo kila mtoto anaandika na hakuna mzazi anayeyaamini. Barua yako ya kwanza nataka iwe na kosa moja ulilolifanya, hata liwe dogo, umwage chai ya mwalimu, uvunje kitu, ujibu swali kwa kujiamini na ukose. Liandike lilivyo. Nitamsomea mama yako kwa sauti, tutakucheka vya kutosha, kisha tutakaa wote wawili tukujibu.

Ni mimi, baba yako,
Ngassa, fundi